Tairi na Dereva kwenye Utelezi: Mwongozo kwa Wanaoendesha Nyanda za Juu Kusini

Kuanzia Novemba hadi Aprili, na upande wa Rungwe mara nyingi hata baada ya hapo, barabara nyingi za Mbeya, Njombe na Iringa huwa na mshiko mdogo kuliko ule aliouzoea dereva wakati wa kiangazi. Theluji hatuna, lakini tuna tope la mfinyanzi kwenye barabara za udongo za Mufindi, Makete na Ludewa, tuna lami iliyolowa kwenye miteremko ya Kitonga na Mlima Nyoka, na asubuhi za Juni na Julai tuna sakitu juu ya nyasi za Kitulo. Anayeendesha kwenye theluji ya Hokkaido, Japani, na anayeteremka kutoka Kitulo kwenda Isyonje baada ya mvua wanakabiliwa na tatizo lile lile: tairi ndilo linaloweka kiasi cha mshiko kilichopo, na dereva, hata awe hodari namna gani, anaweza kukitumia vizuri au vibaya lakini hawezi kukiongeza. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na tairi, kisha unakuja kwenye usukani.

Gari hushika ardhi kwa sehemu nne tu, kila moja ikikaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Kusimama, kukata kona na kupanda mlima, vyote vinategemea sehemu hizo. Tuchukue gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa. Kwenye lami kavu yenye kizigeu cha msuguano (namba inayoonyesha kiasi cha mshiko) cha 0.7, likifungiwa breki husimama baada ya mita 14 hivi. Kwenye lami iliyolowa yenye 0.4 linahitaji karibu mita 25. Kwenye theluji iliyoshindiliwa au tope laini lenye 0.2, mita 49. Na kwenye barafu yenye 0.1, mita 98. Umbali huo unahesabiwa kuanzia breki zinapokamata. Kila sekunde inayopita kabla mguu haujafika kwenye breki, gari limekwishakula mita nyingine 14.

Mteremko huongeza ugumu kuliko wengi wanavyodhani. Barabara inayoshuka mita 10 katika kila mita 100 hunyang'anya takriban 0.1 kutoka kwenye kizigeu hicho. Kwenye lami kavu hutaona tofauti kubwa, lakini kwenye tope lenye 0.2 unabaki na nusu tu, na mita 49 zinageuka kuwa 98. Punguza mwendo hadi kilomita 25 kwa saa na umbali huo unarudi kwenye mita 25 hivi, kwa sababu ukigawa mwendo kwa mbili, umbali wa kusimama unagawanyika kwa nne. Hakuna tairi dukani, la bei yoyote ile, litakalokupa nafuu kubwa kama hiyo, na nafuu hii haina gharama.

Sasa tairi lenyewe. Ndani ya mifereji ya kila tairi kuna vidaraja vidogo vya mpira ambavyo, kashata (vipande vya mpira vilivyoinuka kati ya mifereji) zikilika hadi kuwa sawa navyo, huonyesha kwamba kina kimebaki milimita 1.6. Nchi nyingi hukihesabu kina hicho kuwa cha mwisho kisheria, lakini kwa barabara zetu za masika ningekuomba usisubiri kufika huko. Mifereji ndiyo njia ya maji kutoka chini ya tairi, na ikishuka chini ya milimita 3 uwezo huo hupungua haraka. Kwenye mwendo mkubwa maji huanza kulibeba tairi, na usukani unakuwa mwepesi ghafla kama vile hauna kitu mwishoni. Kupima hakuhitaji kifaa maalumu. Chukua njiti ya kiberiti, isimamishe ndani ya mfereji wa katikati mpaka iguse chini, weka kucha ya kidole gumba pale njiti inapotoka usawa wa kashata, kisha ilaze kwenye rula ya mwanafunzi. Rudia sehemu tatu za tairi hilo hilo: ukingo wa ndani, katikati na ukingo wa nje. Ukingo mmoja ukiwa umeliwa kuliko mwingine, matairi hayajapangwa sawa, na hata ukinunua jipya litaliwa vivyo hivyo. Ukingo wa ndani ndio unaosahaulika, kwa kuwa hauonekani mpaka upige magoti au uzungushe usukani hadi mwisho.

Angalia na umri. Ubavuni, mwishoni mwa mfululizo wa herufi zinazoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukauka na kuwa mgumu hata kama tairi lilikaa stoo bila kutumika, na mpira mgumu haushiki lami iliyolowa hata kama kashata zake ni nzima.

Hapa ndipo theluji ya wenzetu inapoingia moja kwa moja kwenye soko letu. Magari mengi yaliyotumika hutujia kutoka Japani, pamoja na matairi ya mtumba, na baadhi ya matairi hayo yalitengenezwa kwa ajili ya majira ya baridi ya huko. Mwaka 1990 Japani ilipitisha sheria ya kuzuia matairi yenye misumari ya chuma kwa sababu yalikuwa yakichimba lami na kujaza vumbi mijini, na nafasi yake ikachukuliwa na matairi ya mpira laini yasiyo na misumari. Utayatambua kwa neno STUDLESS lililoandikwa ubavuni, au kwa alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Ukiyatazama kwa karibu, kila kipande cha kashata kimechanwa kwa mikato myembamba kama uzi, iliyopinda kama mawimbi, mikato ambayo hujifungua na kuuma theluji.

Muuzaji atakuambia kwamba tairi hilo lina kashata nyingi na kwamba ni laini, na yote mawili ni kweli. Shida ni kwamba mpira wake umechanganywa ili ubaki laini chini ya nyuzi joto 7, kiwango ambacho mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa. Kwenye lami ya Mbeya mchana, au kibaya zaidi kwenye joto la Ruaha Mbuyuni ukielekea Mikumi, mpira huo unalegea kupita kiasi, vipande vya kashata vinayumba gari linapofunga breki, umbali wa kusimama unarefuka, na tairi linaisha upesi. Kwenye tope nako halifai, maana mikato myembamba huzibwa na mfinyanzi ndani ya mizunguko michache, na kinachobaki ni duara laini la udongo. Asubuhi chache za sakitu huko Kitulo na Matamba hazitoshi kuwa sababu ya kuyanunua. Kama gari lako lilikuja nayo, liendeshe taratibu mpaka upate mengine, na wala usichanganye, mawili ya baridi na mawili ya kawaida, kwa kuwa mbele na nyuma vitapoteza mshiko kwa nyakati tofauti.

Alama ya M+S ni jambo jingine. Inamaanisha matope na theluji, lakini ni tamko la kiwanda kuhusu umbo la kashata, tofauti na alama ya mlima na chembe ya theluji ambayo tairi huipata baada ya kupimwa. Kwa barabara za udongo, tazama nafasi kati ya kashata: ziwe pana kiasi cha kulitema tope tairi linapozunguka, na ziendelee hadi mabegani mwa tairi. Kwa anayeishi mjini na kwenda kijijini mwisho wa wiki, tairi la matumizi mchanganyiko linatosha. Lile la kashata kubwa za porini linanguruma kwenye lami na kushika vibaya lami ikilowa, hivyo ni la mtu anayeshinda kwenye tope kila siku.

Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi, kwa kufuata kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Upepo mdogo kwenye lami yenye maji hulifanya tairi libebwe na maji mapema zaidi. Kwenye tope zito lenye kina unaweza kuupunguza, kwa mfano kutoka psi 32 hadi 22, ili tairi litandike chini, lakini kwa mwendo wa polepole tu na ukiwa na pampu ya kuurudisha.

Kuna mazoea moja ningependa tuyaache. Mtu akipata fedha za matairi mawili mapya, huyafunga mbele, kwa hoja kwamba mbele ndiko kwenye usukani na, kwa magari kama Toyota IST, ndiko kunakovuta. Mapya yafungwe nyuma. Matairi ya mbele yakiteleza, gari linanyooka mbele na dereva anahisi mapema kwenye mikono. Akiachia mafuta, mara nyingi linarudi. Ya nyuma yakiteleza wakati wa kona au breki, gari linageuka lenyewe, na ni madereva wachache mno wanaoweza kulirudisha. Yale yaliyotumika yanayobaki mbele yawe bado na kashata za kutosha. Kipara hakina mahali pake kwenye gari.

Tukija kwa dereva, kazi ya kwanza anaifanya kwa miguu. Madereva wa malori ya mbao husimama juu ya mteremko wanaoutilia shaka, wakashuka na kuutembea. Mmoja alinionyesha namna anavyokandamiza kisigino kwenye tope na kukizungusha kidogo: kisigino kikipita utelezi wa juu na kugota kwenye changarawe, tairi lenye kashata nzuri nalo litafika huko; kikizama na kutoka na bonge zito la mfinyanzi, anafunga minyororo au anasubiri jua. Nimeona pia kwamba alikagua mtaro wa pembeni na upande ambao barabara imeinamia, kwa sababu gari likiteleza litafuata mwinamo huo. Kwenye barabara iliyotuna katikati, kaa juu ya mgongo wake pale panapoonekana mbele, na ukiona gari linakuja, simama mapema mahali pa tambarare kabla hujalazimika kukwepa.

Gia ichaguliwe kabla ya mteremko kuanza. Kwa gari la manyuo, gia ya pili au ya kwanza; kwa otomatiki, 2 au L. Injini ishike gari, na breki iguswe kidogo kidogo. Ukichelewa na kuiteremsha gia kwa kishindo ukiwa tayari kwenye utelezi, magurudumu yanayoendeshwa na injini yanaweza kukwama kama yaliyofungwa breki, hivyo achia klachi taratibu. Kuteremka kwa nyutro ili kubana mafuta kusifanyike kabisa, iwe Kitonga, iwe barabara ya mtaa wako. Na mvua ya kwanza baada ya kiangazi iheshimiwe zaidi, kwa kuwa mafuta na vumbi vilivyojikusanya juu ya lami huchanganyika na maji machache na kufanya utando, mpaka mvua kubwa iuoshe.

Mshiko uliopo tumia kwa jambo moja kwa wakati. Funga breki gari likiwa limenyooka, achia breki, kisha kata kona, kisha rudisha mafuta gari linaponyooka. Ukifunga breki na kukata kona kwa pamoja kwenye utelezi, unadai kutoka kwa tairi zaidi ya kile lilicho nacho. Mbele ikikataa kugeuka, usiongeze usukani. Achia mafuta, rudisha usukani kidogo, subiri tairi lishike. Nyuma ikitupa upande wa kulia, peleka usukani kulia, macho yakiwa kule unakotaka kwenda, na uwe tayari kuunyoosha mara tu gari linaporudi, kwa maana wengi huangukia mtaro wa upande wa pili. Mwenye breki za ABS, zinazozuia magurudumu yasifunge, akanyage kwa nguvu na asiachie pedali inapotetemeka. Kwenye changarawe au tope la juu juu breki hizo zaweza kurefusha umbali wa kusimama, lakini usukani unabaki na kazi. Asiye nazo akanyage, magurudumu yakifunga aachie, akanyage tena.

Gari la kuvuta magurudumu yote manne linasaidia kuondoka na kupanda. Katika kusimama halisaidii, kwani kila gari lina breki kwenye magurudumu manne, na hapo ndipo wenye magari makubwa wanapodanganyika.

Wakati wa kupanda, ingia mlimani na mwendo wa wastani, gia ya pili, mafuta yasiyopandishwa na kushushwa. Magurudumu yakianza kusota, punguza mafuta badala ya kuongeza. Gari likikwama katikati, usijaribu kugeuza. Weka rivasi na urudi ukiwa umenyooka kwa kushikwa na injini, kisha ujaribu upya kutoka chini.

Haya yote mikono haiyajui mpaka iyafanye. Tafuta uwanja mtupu wa nyasi uliolowa, usio na watu wala miti, na kwa kilomita 20 kwa saa jaribu kufunga breki ghafla, kukata kona mpaka mbele iteleze, na kusikia mtetemo wa ABS chini ya mguu. Jaribu gari likiwa tupu, kisha likiwa na abiria au magunia nyuma, kwa kuwa ni magari mawili tofauti.

Ukitoka kwenye tope na kufika lami, simama kabla ya kuongeza mwendo. Rudisha upepo, ng'oa udongo ulioganda ndani ya ringi, maana ukibaki huko usukani utatetemeka kwenye mwendo mkubwa, kisha tembea polepole ukigusa breki mara chache mpaka zikauke na uone kama gari linavuta upande mmoja.