Jinsi ya kumtambua koa Chromodoris africana chini ya maji

Wageni wengi wakimwona koa mwenye michirizi myeusi na ukingo wa rangi ya chungwa husema papo hapo, "africana!" Wakati mwingine wamepatia. Fuata mpangilio huu usibahatishe.

1. Tafuta chakula chake. Hula sifongo, na nyekundu ndizo za kuangalia kwanza. Huonekana mchana, lakini beba tochi: wekundu hufifia kadiri unavyoshuka, sifongo ikaonekana kama jiwe tu. Usitarajie kiumbe kikubwa; akikua sana hufika kama sentimita 7.

2. Hakikisha ni koa. Wapo minyoo bapa wenye rangi za kudanganya. Koa huyu ana pembe mbili kichwani na shada la matamvua mgongoni, karibu na mkia, vyote rangi ya chungwa. Akishtuka huvirudisha ndani ya mifuko yake, kwa hiyo subiri bila kumgusa. Atavitoa.

3. Soma rangi kuanzia ukingoni kwenda katikati. Hapa ndipo penye kazi. Nje kabisa: njano inayokaribia chungwa. Kisha mstari mwembamba mweupe. Halafu mgongo mweusi, wenye mistari miwili myeupe, pengine yenye ubuluu kidogo, iliyokwenda kwa urefu wa mwili. Ukikuta weupe ndio uliomaliza ukingo na rangi ya chungwa iko ndani yake, huyo anafanana zaidi na Chromodoris magnifica wa Pasifiki ya magharibi. Buluu ikikolea mgongoni, fikiria Chromodoris quadricolor.

4. Linganisha na mahali ulipo. Africana yuko magharibi mwa Bahari ya Hindi, kuanzia Bahari ya Shamu, kupitia pwani yetu, mpaka Afrika Kusini. Quadricolor naye yumo Bahari ya Shamu, kwa hiyo kule ramani haikusaidii. Rudi hatua ya 3. Jina la kisayansi alipewa mwaka 1904 na Charles Eliot, ambaye hadi mwaka huo alikuwa Kamishna wa Uingereza wa Afrika Mashariki. Sijui mkoloni yule alipata wapi nafasi, ila makala zake juu ya koa wa Zanzibar bado zinatumika.

5. Piga picha tatu: kutoka juu, kutoka ubavuni, na moja inayoonyesha sifongo aliyoikalia. Usimhamishie kwenye tumbawe zuri ili picha ipendeze. Utakuwa umefuta habari ya chakula chake. Ukipanda juu andika kina, saa na jina la mwamba kabla hujavua vifaa.