Umefunga tabo, sasa nozeli saizi gani?

Watu wakishafunga tabo, ile feni inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini, wanauliza "nozeli (ile inayomwaga mafuta kwenye injini) kubwa kuliko zote ni ipi". Hapana bana. Anza na hosipawa, tena zile unazozitegemea kweli, za kwenye kranki (shafti ya injini yenyewe) sio za kwenye tairi, maana hata nguvu inayopotelea kwenye giaboksi imeshakula mafuta.

Hesabu yenyewe nyepesi tu: injini isiyo na tabo inakula kama paundi 0.5 za petroli kwa saa kwa kila hosipawa, ya tabo weka 0.6. Zidisha na hosipawa zako, gawa kwa idadi ya nozeli, halafu gawa tena kwa 0.8. Hiyo 0.8 usiiruke, ndio inayofanya nozeli isikae wazi zaidi ya asilimia 80 ya muda. Kwenye RPM 7000 mzunguko mzima wa injini (kranki ikizunguka mara mbili) unaisha kwa milisekunde 17 hivi, humo humo nozeli ifunguke, imwage, ifunge, sasa ukiibana mpaka asilimia 95 inakosa hata nafasi ya kufunga vizuri, mafuta hayatoshi, tabo nayo inazidi kusukuma hewa, hapo ndo pistoni zinatobokaga.

Mfano silinda 4 ya tabo, hosipawa 300. 300 mara 0.6 ni 180, gawa kwa 4 ni 45, gawa kwa 0.8 unapata paundi 56 kwa saa kwa kila nozeli. Kupata cc kwa dakika zidisha na 10.5, inakuja kama 590. Chukua za 600 au 650 basi. Ukitumia E85 (petroli iliyochanganywa na ethanoli nyingi) ongeza kama theluthi hivi.

Ila angalia hizo cc zimepimwa kwa presha gani ya mafuta, nyingi ni bar 3. Nozeli ya 440 ukiipandisha bar 4 inatoa kama 508, kwa hiyo pengine hata huhitaji kununua mpya kama pampu inamudu. Na regyuleta, inayoshika presha ya mafuta, iwe na kale kampira kanakotoka kwenye manifodi (bomba linaloingiza hewa kwenye injini), bila hivyo presha ikiwa bar 3 na tabo ikisukuma bar 1, nozeli inabaki na bar 2 za kufanyia kazi.

Mimi niliwahi kufunga za 1000 kwenye injini ya hosipawa 220, ujinga wangu mwenyewe. Sailensa (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta, sio ile ya ekzosi) ikawa inapanda inashuka, plagi nyeusi tii, nikisimama kwenye taa najisikia nanuka petroli. Nozeli kubwa kwenye sailensa inafunguka kidogo mno mpaka kontrol boksi (kompyuta ya injini) inashindwa kuipimia.

Pima omu za nozeli (ukinzani wake wa umeme) pia kabla hujachomeka, kuna za 12 mpaka 16 na kuna za 2 mpaka 3, ukichanganya unaunguza kontrol boksi.

Zikishafungwa na kutuniwa (kupangiwa mafuta kwenye kompyuta), vuta gia ya 3 mpaka juu usome logi, ile rekodi ya kompyuta, sehemu salama lakini. Ukiona nozeli imevuka asilimia 80 mapema kuliko hesabu, usikimbilie nozeli nyingine, weka geji ya presha kwanza, mara nyingi pampu ndio imechoka.