Ndugu yako ana kesi ya mauaji: ya kumpelekea wakili kabla haijasikilizwa

Ndugu akishtakiwa kwa mauaji, ukoo mzima huulizana: ni yeye au si yeye? Lakini kesi nyingi za ugomvi wa kilabuni au wa mpaka wa shamba hubaki na swali jingine: alikusudia nini? Kwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kuua kwa kukusudia adhabu yake ni kifo. Kuua bila kukusudia, kifungo cha maisha ndicho kikomo, na jaji anaweza kushuka chini sana ya hapo.

Anzeni na silaha na jeraha. Katika rufaa ya Enock Kipela, namba 150 ya 1994, Mahakama ya Rufani ilisema muuaji kwa kawaida hatangazi nia yake, hivyo hupimwa kwa aina na ukubwa wa silaha, nguvu aliyotumia, sehemu ya mwili aliyopiga, idadi ya mapigo, majeraha, maneno yake na mwenendo wake kabla na baada. Panga lililofuatwa nyumbani na ukuni uliookotwa jikoni katikati ya vurugu havina uzito sawa. Aliyembeba majeruhi hadi zahanati naye hatazamwi kama aliyetoroka. Nani aliyaona hayo? Andikeni majina leo, watu huhama. Ila msiwafundishe mashahidi cha kusema, jamani. Mtamwangamiza mtu wenu.

Msijifariji kwamba "hakutaka afe". Kukusudia kumdhuru mtu vibaya kunatosha, na vivyo hivyo kujua kwamba kitendo huenda kikaua, ukakifanya bila kujali.

Pombe peke yake haimwokoi mtu, lakini mahakama huizingatia inapopima kama aliweza kukusudia. Alikunywa nini, tangu saa ngapi, na nani? Kama alichokozwa, wakili atataka kujua ulipita muda gani kati ya uchokozi na pigo, maana hasira iliyopata nafasi ya kupoa haimsaidii.

Kama amewahi kuugua akili, tafuteni kadi za kliniki mapema. Sheria humhesabu kila mtu kuwa timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mahakama inaweza kuagiza apimwe akili katika Taasisi ya Isanga, hospitali ya washtakiwa wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma. Kama hakuwa ametimiza miaka 18 siku ya tukio, cheti cha kuzaliwa kimfikie wakili: mtoto hahukumiwi kifo.

Mwisho, mwambieni amweleze wakili kila alichoandikisha polisi, hata kile anachokionea aibu.