Bimma yako ina ranifleti? Kaipime kwanza kwenye mzani wa viazi

Wakuu, ukishanunua bimma, yaani BMW, ya mtumba kutoka Japani, hizi E90 hasa (zile 3 Series kama 320 na 335), fungua buti tafuta spea. Hamna. Usimlaumu mtu wa bandarini, gari ilitoka kiwandani hivyo hivyo kwa sababu imefungwa ranifleti, yaani tairi zenye ubavu mnene mgumu unaoweza kuibeba gari hata upepo ukiisha wote. Inama usome ubavuni, ukikuta RSC ndani ya kaduara, au RFT kwa Bridgestone, ROF kwa Goodyear, SSR kwa Continental, ZP kwa Michelin, ndo zenyewe hizo.

Sasa zikiisha unafunga tena hizo hizo au unahamia za kawaida zilizo nyepesi? Mi nilihamia, ila sio kila mtu ahamie, ndo maana naandika.

Anza na uzito, na usisimuliwe, pima. Mi nilifungua gurudumu la nyuma, inchi 17 lenye ranifleti ya 225/45 (upana milimita 225, ubavu asilimia 45 ya huo upana), nikalibeba mpaka Uyole kwa jamaa anayepima viazi vya jumla, akalitazama akaniuliza hilo nalo unalimenya kwa kisu gani, tukaliweka likapiga kilo 22 na ushee. Baadaye nikaleta rimu ya inchi 16 yenye tairi ya kawaida 205/55, kilo 18. Tofauti kilo 4, zidisha mara nne ni 16, karibu debe la mahindi. Utasema debe ni kitu gani bwana mbona tunapakia gunia zima kwenye buti na gari inaenda? Inaenda, lakini gunia limekaa juu ya springi, gurudumu liko chini yake, kwahiyo kila shimo na kila rasta ule uzito unarushwa juu na shokapu ndo inahangaika kuurudisha chini, na kama imechoka utasikia gogogo mpaka kwenye usukani. Halafu gurudumu linazunguka, injini inalisukuma mbele na hapo hapo inalizungusha, kwahiyo kilo moja iliyo kule pembeni kabisa mwa tairi inailemea gari karibu kama kilo mbili za kwenye buti pale unapochomoka. Kwa 320 yenye lita mbili, ukiwa nyuma ya lori la Tunduma na nafasi ya kupita ni ndogo, utaelewa naongea nini.

Ila uzito kwangu haukuwa ndo sababu kubwa. Sababu ilikuwa ubavu. 225/45 ina ubavu wa milimita 101, 205/55 ina karibu 113, na kwa nje magurudumu yote mawili yanalingana kimo, milimita 634 na 632, kwahiyo spidomita haidanganyi. Umeongeza sentimita moja na kidogo ya mpira laini kati ya shimo na rimu. Ranifleti ubavu wake haukunjiki, shimo likipiga, kipigo kinaenda moja kwa moja kwenye aloi, ndo maana unakuta rimu za bimma zimepinda kwa ndani au zina nyufa na mwenyewe anahangaika na balansi kila mwezi haelewi kwanini haikai.

Haya, na uzuri wake tuuseme. Nyingi zinakupa kilomita 80 kwa spidi isiyozidi 80 bila upepo hata kidogo. Hiyo ni kama Iringa mpaka Mafinga, sio haba, lakini ikipasuka Igawa Mbeya mjini hufiki, ni zaidi ya kilomita mia. Na gari ikiwa imejaza watu na mizigo hiyo 80 nayo inapungua.

Kuna kitu kingine watu hawaambiwi. Ranifleti isiyo na upepo kwa macho iko kama nzima. Mi nilitoka Makambako kakitaa ka tairi kakawaka, kwenye skrini kumejaa maandishi ya Kijapani siyaelewi, nikashuka nikazipiga teke zote nne, ngumu, nikaendelea na safari yangu kwa spidi 110. Kufika kwa fundi pancha kupima ya nyuma kulia ilikuwa sifuri, na ndani mpira umesagika unga mweusi mtupu. Ikishatembea hivyo usiizibe, hata kama msumari ni mmoja tu, ubavu umekufa kwa ndani. Halafu fundi mwenyewe alikuwa na mitaimbo tu, ubavu ule mkono hauuwezi, alipambana saa nzima akaniachia na rimu imechubuka. Ranifleti inataka mashine.

Kwahiyo nani abaki nazo? Kama unasafiri usiku peke yako, au mama anapeleka watoto shule na hataki habari za jeki barabarani kwenye ukungu, na hela ya kununua mpya ipo, baki nazo, ila shuka inchi 16 kama breki zinaruhusu (320 zinaruhusu, 335 hapana). Wewe wa Mbalizi na Mwanjelwa na njia za vumbi kila siku, hama.

Ukihama usichanganye, zote nne ziwe aina moja. Rimu ya bimma E90 ni matundu matano kwa 120 (duara la bolti lina milimita 120), tundu la kati milimita 72.6. Za Crown na Mark X ni matano kwa 114.3, kwahiyo muuzaji akikwambia "inaingia tu bosi, tunapanua" muage kwa heshima. Uliza na ET, yaani milimita ambazo sehemu ya kufungia rimu imetoka katikati ya upana wake, za 16 za kiwandani nyingi ziko 34 hivi. Bolti zake pale zinapokalia rimu zimechongwa kama koni, za Benzi ni mviringo, usiazime. Na rimu nyepesi feki ni mbaya kuliko nzito orijino, bora aloi ya kiwandani ya mtumba isiyo na welding, izungushe kwenye mashine ya balansi uone kama inacheza kabla hujatoa hela. Kwenye tairi usikubali namba ya mzigo chini ya 91, hiyo ni kilo 615 kwa kila moja, na soma tarehe: 2323 maana yake wiki ya 23 mwaka 2023.

Halafu spea. Hili ndo watu wanajisahaulisha. Ukitoa ranifleti umetoa na spea yako, kwahiyo nunua rimu tano sio nne, jeki, spana na kakompresa ka kuchomeka kwenye kiberiti cha gari. Buti itapungua, kubali.

Siku ya kwanza gari itakuwa kama inaogelea kidogo kwenye kona, utazoea. Jaza upepo asubuhi tairi zikiwa za baridi, na kwa baridi ya Juni ya Mbeya upime mara kwa mara maana kila joto likishuka nyuzi 5 na nusu hivi inapungua psi moja. Riseti kakitaa ka tairi, bolti zikazwe Nm 120 kwa spana ya kipimo, na ukishatembea kidogo rudia kukaza. Mi nikitoka Mbeya huwa nakazia Chimala, nikiwa nasubiri chai.