Jinsi ya kuandika hadithi ya mapenzi ya mwanasoka na mwanamke asiyefunguka kirahisi, bila kutuchosha

Kuna hadithi tumeshaisoma wote mara mia. Mchezaji ana gari jeusi na kifua kama mlango wa benki, anakutana na dada mkali asiyetaka wanaume, sehemu ya tatu dada kashalainika, sehemu ya tano mimba, sehemu ya sita timu inabeba kombe kwa goli la dakika ya 90. Mi mwenyewe niliandika ya hivyo kwenye grupu la WhatsApp, nilipofika sehemu ya tisa mama mmoja akaniuliza "mwandishi, huyu kaka mazoezini anaenda saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Nikarudi nyuma kusoma, kumbe mchezaji wangu hajafanya mazoezi hata siku moja toka hadithi ianze, na yule dada hana kazi yoyote, yupo tu anakataa wanaume toka asubuhi mpaka jioni.

Kwahiyo kabla hujaandika neno moja la mapenzi chukua daftari uchore kalenda mbili, moja ya mchezaji na nyingine ya mwanamke. Hadithi yako ipo pale kalenda hizo zinapogongana, ukikosa hilo utaanza kuleta mapacha waliopotezana hospitali na mama mkwe mchawi ili mambo yasogee.

Ya mchezaji ni rahisi kwasababu ipo wazi. Tuseme anacheza Ligi Kuu ya Tanzania Bara, timu 16, kila timu mechi 30, nyumbani na ugenini, msimu unaanza Agosti hivi unaisha Mei au Juni. Usajili mkubwa ni katikati ya mwaka, afu kuna dirisha dogo la usajili la Desemba kuingia Januari. Kabla ya mechi anaingia kambini, analala huko, muda wa kushika simu unapangwa na kocha. Leo Dar, wiki ijayo Mbeya au Kigoma au Ruangwa, na sio kila timu inapanda ndege, mwingine miguu inavimba kwenye basi afu kesho yake anatakiwa kukimbia. Hapo tu ushapata sababu kumi za mtu kutopokea simu bila kumfanya malaya.

Kalenda ya mwanamke ndo watu wanaisahau. Mpe kazi yenye msimu wake. Wa kwangu, tumuite Rehema, nilimfanya fundi cherehani wa Mbagala, Dar, mwenye mafundi wadogo wawili na benchi la wateja nje. Fundi ana misimu miwili ya kufa mtu, Ramadhani kuelekea Idi halafu Desemba mpaka shule zinapofunguliwa Januari, hapo ni sare tu, mashati, marinda, kaptula, wazazi wamejaa mlangoni kila mmoja anasema wa kwangu anaanza kesho. Sasa weka kalenda ya mchezaji juu yake. Dirisha dogo lipo wazi muda huohuo! Mchezaji anataka kuongea kitu cha maisha yake, naondoka au nabaki, na mwenzake ana sare 80 hazijawekwa vifungo. Hamna haja ya adui, ratiba imeshawagombanisha.

Namna ya kuwakutanisha. Naomba tupumzike na daktari wa timu na mtangazaji wa tivii, na ile ya kugongana mlangoni vitu vikamwagika. Angalia mwili wa mchezaji unamsumbua wapi kwenye maisha ya kawaida. Mtu anayekimbia pembeni kila siku ana mapaja makubwa na kiuno kidogo, suruali ya dukani ikipita mapajani basi kiunoni inaning'inia, kwahiyo anahitaji fundi, na akishampata anayejua kukata hamuachi. Mi nilianzia hapohapo:

"Dada habari za kazi."
"Salama. Unashona au unachukua?"
"Nashona. Suruali, za dukani zinanibana hapa."
"Elfu ishirini na tano, kitambaa chako, nusu unaacha sasa hivi."
"Hunijui mimi?"
"Nikikujua ndo cherehani itashona yenyewe?"

Mistari sita na tayari unajua huyu dada yukoje, sijaandika popote kwamba "Rehema alikuwa ameufunga moyo wake kwa kufuli la chuma". Hilo kufuli liache dukani.

Sasa hapa ndo penye kazi yenyewe. Mwanamke asiyefunguka sio mwanamke mwenye kisirani. Waandishi wengi tunadhani kujilinda ni kujibu vibaya, kila mtu anajibiwa hovyo mpaka muuza maji, halafu tunashangaa wasomaji wanamchukia. Mtu anayejilinda anajilinda dhidi ya kitu fulani, na kwa wengine yuko poa tu, anacheka na wateja, anampenda mtoto wa jirani. Na usituambie "aliumizwa zamani". Aliumizwaje, shilingi ngapi, nani alishuhudia? Wa kwangu alikuwa na mume, akaenda Tanga msibani siku nne, karudi mashine ya ovaloki haipo, imeuzwa, na hela ya kikoba aliyokuwa anawatunzia wenzake haipo, akalipa yeye mwaka mzima huku kina mama wanamuangalia. Toka siku hiyo kila kitu anaandika kwenye daftari. Hapokei zawadi. Akipewa lifti anashushwa kituo kimoja kabla ya kwake. Kwenye simu yule mchezaji kamsevu "Mteja Suruali".

Ukishajua jeraha ni lipi utajua pia zawadi gani ni kosa. Nilikuwa nataka sehemu ya tano Idrisa (ndo jina nililompa mchezaji wangu, winga, yule wa kukimbia pembeni) amletee ovaloki mpya kwenye bajaji, Rehema alie kwa furaha, wabusiane, itaendelea. Nikafuta. Mtu ambaye mashine yake iliuzwa na mwanaume aliyekuwa anamwamini, ukimletea mashine anaona kitu kingine kitakachokuja kuchukuliwa siku mkikosana. Kwahiyo niliiacha ailete, na Rehema akaikataa mbele ya mafundi wake, Idrisa akaaibika, akairudisha kwenye bajaji ileile. Wasomaji walinitukana siku tatu, na hiyo ndo sehemu iliyosomwa kuliko zote.

Kinachomfungua mtu kama huyo ni vitu vidogo ambavyo kwa mchezaji vina gharama. Kasema atakuja Alhamisi baada ya mazoezi, kaja Alhamisi, anachechemea na kucha ya kidole gumba imekuwa nyeusi, kalipa nusu iliyobaki na kasaini daftari kama wateja wengine. Kakaa kwenye benchi zamu yake ikafika, wakati vijana wanampiga picha. Gharama ya mchezaji sio hela, hela anayo, au watu wanadhani anayo. Gharama yake ni muda wa kupumzika na kuonekana mtu wa kawaida. Na yeye mpe cha kuficha, usimfanye malaika. Hela ya usajili ikiingia wajomba wote wanajua tarehe, huyu ana kiwanja anataka kumalizia, yule ana ada ya mtoto, na akikaa benchi mechi nne simu zinapungua. Na yeye pia anajilinda, ila analindia kwenye utani.

Angalia sana wanavyoitana, kwetu hilo linafanya kazi kuliko busu. Idrisa ameanza na "dada", akahamia "fundi", siku moja katamka "Rehema" na yule dada akanyamaza na pini mdomoni. Rehema alikuwa anamwita "kaka", baadae "we Idrisa". Halafu fundi mdogo, binti wa miaka 19 asiye na breki, akamwita "shem" mbele za watu wakati wenyewe hawajakubaliana lolote. Sehemu nzima nzuri inatoka kwenye hilo neno moja.

Timu yake, tunga. Ukimweka Yanga nusu ya grupu wanamchukia kabla hajasalimia, ukimweka Simba nusu ile nyingine wanaleft, hawa watu wanagombana toka 1935 na 1936 na hadithi yako haitawapatanisha. Tunga timu ya kati ya msimamo, hao wakubwa waache kama wapinzani. Faida nyingine ni kwamba hamna mchezaji wa kweli atakayeambiwa ndo yeye, maana ukiandika winga wa timu fulani mwenye kovu kwenye nyusi, jioni watu washamtaja mtu na mke wake.

Mechi usituandikie dakika zote 90. Tunataka kujua anachobeba kuingia uwanjani na anachotoka nacho. Mchezaji akitoka mechi ya usiku halali, mwili umechoka kichwa kinazunguka mpaka saa tisa, hapo ndo mesej za kweli zinatumwa. Na goli la dakika ya mwisho lipumzishe. Kumbuka Yanga 2023 fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wamefungwa 2-1 na USM Alger ya Algeria kwa Mkapa, wakaenda Algiers wakashinda 1-0, jumla 2-2 na kombe likabaki kule kwa magoli ya ugenini, maana wale walifunga mawili kwa Mkapa na Yanga moja tu kwao. Umeshinda mechi na umepoteza kombe usiku huohuo! Unampigia simu mtu wa hivyo unamwambia nini, hongera au pole? Mpe Rehema hilo tatizo, yeye ambaye mpira hata haujui, uone atakavyojibu. Wa kwangu alimuuliza tu "umekula?"

Majeraha. Hapa tunadanganya sana. Nyama za paja ni wiki kadhaa, sawa, ila ligamenti ya goti ikikatika ni upasuaji na miezi, mara nyingi kama tisa, na wengine hawarudi walivyokuwa. Usimpasue goti sehemu ya kumi afu sehemu ya kumi na mbili anafunga hat-trick. Kama unataka mwanamke amuuguze pia fikiria, huyu dada ana kazi, hawezi kukaa hospitali kutwa, ataenda Jumapili na chakula kwenye hotpoti na cherehani ya mkono ya kupindia nguo akiwa amekaa pale. Mambo yalivyo magumu ndo yanakuwa matamu. Kama mchezaji wako ni Muislamu Ramadhani nayo ni hazina, mechi za usiku, futari, yeye yupo kambini na mwenzake yupo kwenye rundo la kanzu na magauni ya Idi, mwezi mzima wanaonana kwa sauti tu.

Kitu cha mkataba ambacho wengi hawakijui na kitakuokoa katikati ya hadithi. Kwa kanuni za FIFA mkataba ukibakiza miezi sita, mchezaji anaruhusiwa kusaini mkataba wa awali na klabu nyingine. Kwahiyo kama wa Idrisa unaisha Juni, kuanzia Januari anaweza kukubaliana na wengine huku bado anavaa jezi ileile, na wakala anamwambia kaa kimya mpaka itangazwe. Unaona mtego? Anakaa kimya kwa mwanamke ambaye ugonjwa wake ndo huo, wanaume wanaoamua vitu vyake wakati yeye hayupo. Hana mchepuko, hajalala popote, kaficha karatasi tu, na inatosha kuvunja kila kitu. Wala sio lazima iwe Ulaya, Bukoba ni zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Mbagala.

Jambo moja nalisema kwa ukali kidogo. Kutofunguka sio kufuli la kuvunjwa. Mwanaume anayemfuata dada mpaka kwake baada ya kuambiwa hapana, anayepiga simu mara arobaini, anayemtuma mwenzake achungulie, huyo ukimuandika muandike kama hatari. Mjini Iten, Kenya, Oktoba 2021 mwanariadha Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake, miezi miwili baada ya kukimbia Olimpiki ya Tokyo, na mumewe akashtakiwa. Wanawake wanaojilinda hawajilindi kwa maringo. Kwangu Rehema akisema usije wiki hii, Idrisa haji wiki hiyo, na sehemu inayofuata ni ya kumngojea, unaweza kuandika kurasa nne za mtu anangoja na zikasomeka kama umeshajenga vizuri.

Unaweza pia kugeuza, mchezaji awe mwanamke, ligi ya wanawake ipo, Simba Queens na JKT Queens wapo, na toka 2021 kanuni za FIFA zinampa mchezaji likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14. Hadithi ya beki wa kati anayejilinda, anayependwa na fundi simu, mi ningeisoma leo.

Kukata sehemu, kata kwenye kitendo kabla jibu halijatoka, sio kwenye kelele. "Rehema akafungua daftari, akalitafuta jina lake, akachukua kalamu." Itaendelea. Hatujui anafuta deni au anafuta mtu. Urefu, dakika tano za kusoma kwenye daladala zinatosha. Na angalia ratiba kabla hujatuma, usitume siku ya dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, mi nilituma sehemu yangu bora kuliko zote saa kumi na moja jioni siku hiyo nikapata dole gumba moja, la yule mama.