Somo: Kutambua kama homoni imefanya kazi kwenye utando wa seli au ndani ya kiini

Kwa wanafunzi wa tiba hapa Bukavu. Tumefundishwa kwamba homoni za steroidi, kama projesteroni, na pia kalsitrioli, yaani vitamini D iliyokwisha kuamshwa, hupenya seli na kuamrisha jeni. Ni kweli, lakini si yote. Mwaka 1941 mtafiti Hans Selye alieleza jinsi panya waliodungwa projesteroni walivyopoteza fahamu baada ya muda mfupi mno, usiotosha jeni kufanya kazi. Basi huenda homoni hizi hufanya kazi pia kwenye utando wa seli, na hatua zifuatazo hutusaidia kutambua.

Hatua ya kwanza: pima muda. Kunakili jeni na kuunda protini mpya huchukua saa, pengine siku. Katika utumbo wa vifaranga, watafiti Nemere na Norman waliona kalsitrioli ikiharakisha usafirishaji wa kalsiamu ndani ya dakika chache.

Hatua ya pili: zuia unakili wa jeni kwa aktinomaisini D, uone kama jibu la seli linabaki; likibaki, halikupitia kwenye jeni.

Hatua ya tatu ndiyo yenye mitego. Maabarani homoni hufungwa kwa makusudi kwenye albumini, protini kubwa isiyopenya utando kwa urahisi, na seli ikijibu watu hukimbilia kusema kwamba kipokezi, yaani protini inayoipokea homoni, kiko juu ya utando. Binafsi siukubali ushahidi huo peke yake, kwa kuwa homoni kidogo huweza kujitenga na albumini na kuingia ndani. Kwanza ondoa homoni iliyo huru, kisha upime tena.

Hatua ya nne: tafuta kipokezi chenyewe. Kwa vitamini D hutajwa protini iitwayo PDIA3, na pia VDR, kipokezi kilekile cha vitamini D cha kwenye kiini, kikiwa kwenye utando; mjadala haujaisha.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, huku kwetu jua halikosekani. Je, nikiota jua dakika kumi nitapata matokeo hayo ya haraka?*

Hapana, ndugu yangu. Vitamini inayoundwa kwenye ngozi lazima ibadilishwe kwanza na ini, kisha na figo. Haraka tunayoizungumzia huhesabiwa tangu homoni iliyo tayari inapogusa seli.

*Mwalimu, mbona mgonjwa wa pumu aliyedungwa deksamethazoni hapumui vizuri papo hapo?*

Kwa sababu deksamethazoni ni dawa ya steroidi, na sehemu kubwa ya kazi yake ya kutuliza uvimbe hupitia kwenye jeni, nayo huchukua saa kadhaa. Mpe deksamethazoni mapema, lakini salbutamoli ya kuvuta, dawa ya kupanua njia za hewa, isicheleweshwe kwa kuingojea.