Meno ya mtoto mdogo: namna ya kuyatunza na kupunguza gharama za matibabu

Wazazi wengi humpeleka mtoto kwa daktari wa meno baada ya usiku mzima wa kilio, na safari ya namna hiyo ndiyo ghali kuliko zote, kwa kuwa jino linalouma kiasi hicho mara nyingi limeshaoza hadi kwenye kiini chenye mishipa ya fahamu na damu, na kuziba tundu peke yake hakutoshi tena. Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi anayetaka mtoto wake asifike huko, au ambaye mtoto wake ameshatoboka jino na anataka kujua la kumwuliza daktari kabla ya kukubali matibabu.

Jino la kwanza huchomoza karibu na mwezi wa 6, na kufikia umri wa miaka 3 mtoto huwa na meno 20 ya utotoni. Dhana kwamba meno haya hayastahili kutibiwa kwa sababu yatang'oka yenyewe imewaumiza watoto wengi. Magego ya utotoni hukaa kinywani hadi umri wa miaka 10 au 12, na yakitolewa mapema meno ya jirani husogea na kubana nafasi ya jino la ukubwani linalosubiri chini yake, kisha familia hulazimika kulipia kupanga meno yaliyopandana.

Anza kupiga mswaki siku ile ile jino la kwanza linapoonekana, mara mbili kwa siku, na ule wa usiku usiukose kamwe, maana mate yanayolinda meno hupungua mtoto anapolala. Tumia dawa ya meno yenye madini ya floridi. Soma maelezo kwenye boksi uhakikishe kiwango chake si chini ya sehemu 1000 kwa kila milioni. Mtoto wa chini ya miaka 3 hutosheka na dawa ya ukubwa wa punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 punje ya njegere. Mketishe mapajani kichwa chake kikiegemea kifua chako, inua mdomo wa juu kwa kidole, na usugue taratibu mahali jino linapokutana na ufizi, kisha ateme povu bila kusukutua ili floridi ibaki kwenye meno. Kazi hii ni yako hadi atimize miaka 7 au 8, hata akijidai kuiweza, kwa sababu mkono wake bado haujapata ustadi. Rangi za kuvutia na ladha za matunda haziongezi kinga yoyote, kwa hiyo pesa yako isiishie huko.

Kuhusu sukari, linaloharibu zaidi ni idadi ya mara kuliko wingi. Bakteria wa kinywani huigeuza kuwa asidi, na mate huhitaji nusu saa au zaidi kuituliza; mtoto anayenyonya kinywaji kitamu kidogo kidogo mchana kutwa huyanyima meno yake mapumziko hayo. Vitu vitamu viliwe pamoja na mlo, na chupa ya maziwa au juisi isiingie kitandani. Usisahau dawa za maji zilizotiwa sukari: omba zisizo na sukari zikipatikana, au zitangulie mswaki wa usiku.

Mara moja kwa mwezi, kwenye mwanga mzuri, kagua meno ya mbele ya juu. Mstari mweupe kama chaki kando ya ufizi ni dalili ya mwanzo ya kuoza, nao unaweza kurudi nyuma kwa mswaki, kupunguza sukari na kupakwa floridi kali kliniki. Hapo ndipo pesa kidogo hufanya kazi kubwa. Ziara ya kwanza kwa daktari ifanyike kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja, angali hana maumivu wala woga.

Jino likishatoboka, uliza kama kuna njia isiyohitaji kuchonga. Dawa ya maji yenye madini ya fedha na floridi, inayopakwa kwa dakika chache bila sindano, husimamisha uozo katika meno mengi, ingawa hulifanya eneo lililooza kuwa jeusi daima. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Kwa gego lililooza zaidi lakini lisilouma, uliza kuhusu kulifunika kwa kofia ya chuma, ambayo mara nyingi huwekwa bila ganzi na hudumu kuliko kuziba. Omba pia mchanganuo wa gharama kwa maandishi, pamoja na maelezo ya kipi kinaweza kusubiri.

Karibu na miaka 6, magego ya kwanza ya ukubwani huota nyuma ya yale ya utotoni bila jino lolote kung'oka, hivyo wazazi wengi huyadhani ni ya utotoni. Mwulize daktari kuhusu kuziba mifereji iliyo kwenye sehemu ya kutafunia ya magego haya kabla haijaoza.

Uso ukivimba, hasa pamoja na homa au shida ya kumeza, mpeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo, na mazungumzo ya malipo yafuate baadaye.